Nani Anashusha?

Mzazi anayemtafutia mwanawe kazi ya udereva huuliza mambo mawili: gari gani, na mshahara kiasi gani. Kijana mwenyewe huuliza hayo hayo, pengine akaongeza la posho. Mimi niliyemalizia ujana wangu kwenye Fuso za kusambaza bidhaa madukani ningeanza na swali ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshakabidhiwa funguo: mzigo ukifika, nani anashusha?

Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama umeajiriwa kazi moja, au kazi mbili kwa mshahara mmoja.

Kazi niliipatia Vingunguti. Anayeyajua maeneo yale ya Ilala, jirani na Buguruni na Kiwalani, anajua kwa nini kijana asiye na kitu hakosi kibarua. Viwanda na maghala ya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita ya Pugu, hayako mbali. Alfajiri unapishana na wabeba nyama wa machinjioni, makoti meupe yamelowa damu, paja zima la ng'ombe liko begani, wanakazana kuelekea kwenye magari ya wenye mabucha. Watu wa mbali waliisikia zaidi Vingunguti kwa ajili ya machinjio hayo, hasa Rais Magufuli alipofika mwaka 2019 na kuagiza yajengwe mapya. Sisi tuliokaa pale tulijua kwamba karibu kila nyumba ina mtu anayekula kwa bega lake: wa nyama, wa mifuko, wa katoni, wa mkokoteni.

Nilianza kama utingo. Dereva wangu wa kwanza alikuwa mtu mzima, sisi vijana tulimwita Mzee tu, na kila asubuhi nilianza na shikamoo yake kabla sijagusa kamba ya turubai. Udereva sikujifunza kwake kwanza. Nilijifunza kupakia, maana kushusha huanzia kwenye kupakia.

Mzigo wa mwisho kushuka ndio wa kwanza kupanda. Kama njia ya siku ile ni Buguruni, Temeke, Tandika mpaka Mbagala Rangi Tatu, basi mali ya Mbagala inakaa mbele kabisa, nyuma ya kabini, na ya Buguruni inafunga mlango. Mtu mgeni hupakia kwa kufuata karatasi ya ofisini kama ilivyoandikwa, kisha akifika Buguruni anahamisha ndoo za mafuta za Mbagala ili afikie unga. Kila ndoo inashikwa mara mbili, mara tatu, na jua linapanda. Kulikuwa na mengine pia. Vizito chini, vyepesi juu. Mafuta mbali na unga. Sabuni ya unga isikae na majani ya chai, kwa sababu chai hunywa harufu ya kila kilicho jirani yake, na Mangi, mwenye duka wa mtaani, ataikataa akiwa sawa kabisa.

Halafu kushusha kwenyewe. Mtu wa juu huvuta gunia mpaka ukingoni mwa bodi na kulisimamisha. Wa chini anageuza mgongo, anakunja magoti, anaacha kiuno kimenyooka. Gunia linalazwa kati ya shingo na mabega, juu ya ngata au kipande cha kiroba kilichokunjwa, kichwa kimekwepeshwa upande. Anainuka kwa mapaja. Kisha ni hatua fupi, za haraka, bila kusimama. Ukisimama njiani kujibu salamu, uzito unaongezeka palepale. Mzee aliniangalia siku za mwanzo nikihangaika, mikono imekakamaa, akaniambia, "Mwanangu, gunia halibebwi na mikono. Mikono ni ya kulizuia lisiondoke." Hakuna mtu aliyenifundisha jambo lenye faida zaidi katika kazi ile.

Katoni ni habari nyingine, na kwangu mimi zilichosha kuliko magunia. Katoni ya maji yenye chupa 12 za lita moja na nusu ni kilo 18. Mwenye duka akiiona anaona kitu chepesi, na kweli moja ni nyepesi. Lakini haikai mgongoni. Unaikumbatia kifuani, huoni miguu yako, plastiki inateleza kwa jasho. Ukitaka kumaliza mapema unabeba mbili, kilo 36 mbele ya tumbo, na kiuno kinavutwa mbele safari nzima ya kutoka kwenye gari hadi stoo. Kreti za soda nazo hukata vidole pale pale kila siku mpaka sugu ziote.

Na hesabu. Tulishusha kwa tano: kila la tano linatajwa kwa sauti, mwenye duka anapiga mstari wa kukata ile minne. Mzee hakukubali kuendelea kama anayepokea ameinuka kwenda kumhudumia mteja. Alisubiri. Vijana tuliona anachelewesha kazi, lakini ndiye dereva ambaye mwisho wa mwezi alikatwa kidogo kuliko wote. Katoni isiyoonekana jioni inaitwa shoti, na shoti hukaa kwenye mshahara wa aliyesaini.

Kwa nini kazi hii inafanywa kwa mikono hadi leo? Sababu moja ni namna mji wetu unavyonunua. Masupamaketi makubwa kutoka nje yalikuja na kuondoka: Shoprite 2014, Uchumi 2015, na Nakumatt iliyochukua maduka ya Shoprite nayo haikudumu. Aliyebaki ni Mangi wa mtaani, mwenye dirisha la nondo, kibaraza, na stoo ya nyuma inayofikiwa kwa ujia ambao watu wawili hawapishani. Anaagiza viroba vitano vya unga, ndoo mbili za mafuta, katoni tatu za sabuni. Hana jukwaa la kuegeshea lori, hana foklifti, wala hana haja navyo kwa biashara ya kiasi kile. Chakula cha mamilioni ya watu wa Dar es Salaam kinapita kwenye milango ya namna hiyo, kimebebwa na mtu.

Sababu nyingine ni mitaa isiyopitika. Masika, sehemu za bondeni Vingunguti kwenyewe, na Mbagala ukiacha Barabara ya Kilwa, Fuso haifiki dukani. Unaegesha kwenye lami, unatafuta guta au mkokoteni, na mzigo uliopaswa kushushwa mara moja unashushwa mara mbili. Bei ya guta inatoka wapi? Mara nyingi ilitoka kwenye posho yetu ya chakula, kwa sababu ofisini walijua gari limefika Mbagala na kwao habari imeishia hapo.

Nikipanda Barabara ya Morogoro hadi leo, tukipita mizani ya Vigwaza, huwa natazama malori yakipanga foleni. Kuna sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika kwetu 2019. Ekseli ya mbele isizidi tani 8. Ekseli moja yenye matairi pacha isizidi tani 10. Lori zima, hata likiwa refu namna gani, lisizidi tani 56. Ukizidisha unalipa. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, barabara zetu ni mali ya umma. Ila lori lile lile likishaingia mjini, mzigo uliopimwa kwa ekseli unahamia kwenye uti wa mgongo, na hapo mizani imekwisha.

Tufanye hesabu. Fuso ya tani kumi ikibeba saruji ina mifuko 200 ya kilo 50. Wakishusha watu wanne sawasawa, kila mmoja amepitisha mgongoni mwake kilo 2,500 kabla ya chakula cha mchana. Shirika la Kazi Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 1967, lilisema mzigo anaobeba mwanamume mzima mara kwa mara usizidi kilo 55. Mfuko wa saruji, basi, uko ndani ya kipimo, na ndiyo maana mtu anaweza kusema hakuna tatizo. Lakini taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, katika hesabu yake iliyorekebishwa mwaka 1991, inaanzia kilo 23 kwa mtu anayeinua katika hali nzuri kabisa, kisha inapunguza kadiri anavyorudia, anavyojipinda na anavyoinua kutoka chini au juu mno. Mshushaji wetu anafanya yote hayo kwa pamoja. Ukija kwenye lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ndiyo usiseme. Sheria yetu inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na ilitungwa kumlinda mkulima asipunjwe. Mbebaji alinufaika kwa kuwa tu alikuwa chini ya gunia hilo hilo.

Nilichokiona kwa wenzangu ni mabega yaliyoota sugu nene, magoti yanayolia ngazini, viuno visivyonyooka asubuhi. Utingo mmoja tuliyefanya naye kazi aliteleza kwenye ubao wa kushukia, gunia likiwa shingoni. Hakuliachia, kwa sababu likipasuka ni lake. Aliumia ngiri. Alipasuliwa kwa mchango wa jirani na wa madereva, kikapu kilipita gari kwa gari. Mwajiri wetu wa wakati ule alituma pole. Wengine walitibu maumivu kwa vidonge vya dukani, na kabla ya Serikali kupiga marufuku pombe za viroba Machi 2017, wapo waliotibu kwa kiroba, asubuhi, kabla ya kupanda gari. Siwahukumu. Mtu aliyeshusha jana tani mbili na anatakiwa ashushe nyingine leo anatafuta chochote kitakachomwezesha kuinama.

Sasa mweke mtu huyo kwenye usukani. Hapa ndipo jambo hili linapowahusu hata wasiowahi kubeba kitu. Dereva wa kusambaza akiwa ameshusha tangu asubuhi, jioni mguu wake unatetemeka juu ya klachi. Mikono haina nguvu ya kukata kona kwa haraka. Nakumbuka siku moja tunarudi kutoka Mbagala, Barabara ya Kilwa imejaa magari, Mzee akakunja pembeni pale Mtoni kwa Aziz Ali, akazima injini, akavua viatu. "Tunalala nusu saa," akasema. Simu ya bosi ikaanza kulia. Nikamuuliza nimwambie nini. "Mwambie nimelala, mwanangu. Mwambie ukweli." Nikapokea, "Bosi, shikamoo, Mzee amelala." Yaliyofuata kwenye simu siyaandiki. Mzee alilala nusu saa yake, akaamka, tukafika Vingunguti salama, na mpaka anastaafu hakuwahi kumgonga mtu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Ndani ya saa hizo kushusha kumo. Gari likiwa limesimama mbele ya duka, kazi inaendelea. Lakini waajiri wengi, na niliwafanyia kazi kadhaa, walihesabu safari tu, wakachukulia muda wa kushusha kuwa ni jambo linalojimaliza lenyewe. Sheria hiyo hiyo inazungumzia makato: mwajiri hawezi kukata hasara kienyeji tu, sharti kosa liwe la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ambao mchango wake hutoka kwa mwajiri bila kugusa mshahara wa mtu. Yule mwenzetu aliyeumia ngiri asingehitaji kikapu kama jina lake lingekuwa kwenye orodha ya waajiriwa. Alikuwa deiwaka, kibarua wa siku. Karibu matingo wote tuliofahamiana walikuwa deiwaka, hata waliomaliza miaka kwenye gari lile lile.

Si daima mbebaji alikuwa hana sauti. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na mgomo wao wa 1947 ulivuka bandari ukasambaa kando ya reli hadi mikoani. Walikuwa vibarua wa siku kama matingo wa leo, wakidai mshahara na masharti ya kazi. Waliweza kwa kuwa walisimama mahali pamoja kwa mamia, na meli isiposhushwa nchi nzima inajua. Kisha dunia ikabadilika. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alisafirisha makontena 58 kwa meli kutoka Newark hadi Houston, na miaka iliyofuata bandari duniani kote zikaanza kuhitaji makuli wachache.

Watu husema kontena lilimaliza kazi ya kubeba. Lilichofanya ni kuihamisha. Kontena linatoka bandarini limefungwa, linafika ghalani kando ya Barabara ya Nyerere, linafunguliwa, na ndani yake vijana wanaingia kwenye joto la bati kutoa katoni moja moja. Katoni hizo zinapanda Fuso, zinashuka kwa Mangi. Kilichopotea njiani ni ule umati. Dereva na utingo wake wako wawili tu mbele ya duka Tandika, hawajui wenzao wa Kinondoni wanalipwaje, na wakigoma atakayejua ni Mangi peke yake. Naamini hiki ndicho chanzo cha ukimya wa kazi yetu zaidi ya uvumilivu wanaotusifia.

Kwingine swali la nani anashusha limeandikwa. Sheria ya shirikisho ya Marekani inasema mtumaji au mpokeaji akitaka mwenye lori asaidiwe kupakia au kushusha, basi yeye atoe watu hao au amfidie mwenye lori gharama yake. Madereva wa kule bado wanalalamika, na wana haki yao. Lakini wana kifungu cha kukiegemea.

Na kwetu nimeona kwamba inawezekana. Tajiri wa mwisho niliyemfanyia kazi alitenganisha malipo: safari ina yake, kushusha kuna yake, kwa tani, yanagawanywa kati ya waliobeba. Njia ndefu aliongeza mtu wa tatu. Alinunua toroli mbili na ubao mpana wenye vipande vya mbao vilivyopigiliwa ili mguu usiteleze. Guta la masika lilikuwa juu yake, mradi tulete namba ya simu ya mwenye guta. Hakuwa tajiri mkubwa, alikuwa na magari matatu. Alitueleza sababu yake waziwazi: alichoka kufundisha matingo wapya kila baada ya wiki chache na kulipia mifuko iliyopasuka. Shoti zilipungua. Matingo wakakaa. Sikuona hasara yoyote aliyoipata.

Kwa hiyo kijana unayekwenda kuomba gari, uliza kabla ya kushika funguo: nani anashusha, watu wangapi, kwa malipo gani, guta likihitajika ni la nani, katoni ikipotea inathibitishwaje. Omba iandikwe kwenye mkataba, hata kama ni ukurasa mmoja. Mwajiri anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kukujibu.

Wenye magari, waandikisheni matingo wenu kwenye Mfuko wa Fidia. Ndio wanaobeba mali yenu.

Na wewe mwenye duka, Fuso ikisimama mbele ya kibaraza chako, ondoa pikipiki mlangoni, fungua stoo, kaa na kalamu yako uhesabu mpaka mwisho. Wale wawili bado wana maduka mengine mbele yao, na dereva anatakiwa arudi Vingunguti akiwa macho.